Mjerumani Aliyepima Vumbi la Mume Wangu

Mwezi uliopita Marites alipita Dubai akitokea kwao Ufilipino, akirudi Kanada anakoishi sasa na watoto wake, na kwa kuwa ndege yake ya pili ilikuwa ya jioni tukakutana Karama kwa chakula cha mchana. Zamani tulifanya kazi pamoja katika maabara ndogo ya mawe kule Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, yeye mapokezi, mimi usafi na chai. Tulikuwa tumeshaonyeshana picha, yeye za wajukuu, mimi za binti yangu, na biriani ilikuwa mezani, ndipo akaweka kijiko chini akasema, "Zuhura, Dokta Henning amefariki. Mwezi wa nne, kwao Ujerumani. Binti yake ndiye aliyeniandikia." Sikulia pale. Nilimuuliza kama aliumwa sana, akasema hapana, moyo tu, asubuhi moja akiwa anavaa viatu. Nikamaliza biriani yangu. Kwenye metro nilipita kituo changu, nikapita na kinachofuata, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimefika mwisho wa njia, nimekaa peke yangu kwenye behewa la wanawake, mfanyakazi wa usafi akinisubiri ninyanyue miguu apige deki.

Sitaeleza hapa nilifikaje Dubai wala nyumba niliyozaliwa. Nyumba kama ile ziko nyingi Tanga na hadithi zake zinafanana. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka ishirini na sita, kwa sababu siku ile kwenye metro nilitambua kwamba watu wanaoujua mwaka huo tumebaki wachache, na mmoja wao, mume wangu, si mtu wa kusimulia.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili na jiko dogo la kupikia chai ambalo dirisha lake lilitazama mikia ya ndege. Wateja walileta mawe ya kila namna: vipande vya marumaru na matale vya kujengea hoteli, shanga, vito vilivyofungwa kwenye karatasi, mara moja hata jiwe ambalo mwenyewe aliapa limeanguka kutoka mbinguni. Kazi ya Dokta Henning ilikuwa kusema kitu hicho ni nini. Watu walimletea jiwe na jina lake, naye mara nyingi aliwarudishia jiwe lilelile na jina jingine, na si wote waliolipenda. Alikuwa mtu mrefu wa miaka sitini na kitu, mabega yameinama kwa kuishi juu ya darubini, na vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo kama vya fundi mwashi. Wiki yangu ya kwanza alinisikia nikizungumza na dada yangu kwa simu. Akasimama mlangoni, uso umemwangaza, akasema kwa sauti ya juu kwa Kiswahili: "Wewe! Leta chai! Haraka!"

Nilikata simu nikamtazama. Nilikuwa mgeni wa kazi, visa yangu haijakauka wino, lakini ulimi wangu haukujua hayo. Nikamwambia, "Dokta, kwetu mtu mzima akitaka kitu husema naomba. Na mimi nina jina." Alisimama pale kama mtoto aliyemwagikiwa maji. Baadaye nilielewa kwamba Kiswahili chake alikiokota ujanani, miaka mitatu ya kutafuta mawe mekundu bonde la Umba, na watu aliokuwa akizungumza nao walikuwa wapagazi na wapishi wa kambi. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuomba, kwa kuwa hakuna aliyedhani anataka kujifunza. Kesho yake aliniletea kipande cha karatasi akitaka nimwandikie: naomba, tafadhali, samahani, shikamoo, pole. Alikibandika juu ya mashine yake kubwa ya mionzi, ile iliyosoma vumbi la mawe na kutoa michoro kama milima, na tangu siku hiyo hakuna kilichopita bila tafadhali. Aliniambia shikamoo hata mimi, niliyekuwa sawa na binti yake, mpaka nikachoka kumkataza.

Saa saba mchana tulikula pamoja kwenye lile jiko, yeye, mimi na Marites. Yeye alikuja na mkate mweusi mzito wa kwao na matango ya kwenye siki, akakata kila kitu kwa kisu kidogo cha mfukoni kwa unadhifu wa kukata sampuli. Mimi nilileta wali wa jana na mchuzi wa samaki. Hapo ndipo nilipoyajua maisha yake, kwa vipande, kati ya tonge na tonge. Alikulia mji wa machimbo ambako mapaa yote ni ya mawe meusi. Aliandika kitabu kimoja kuhusu namna mawe yanavyokua, na alikiri mwenyewe kuwa watu waliokisoma wangeenea kwenye basi dogo. Mkewe alimwacha kwa sababu, alivyosema kwa Kiswahili chake, "mimi natazama mawe mingi, natazama yeye kidogo." Alisema hivyo bila kujihurumia, akaongeza tango. Siku nyingine aliniita nichungulie kwenye darubini. Alikuwa amelikata jiwe likawa jembamba kuliko ganda la kitunguu, na ndani yake kulikuwa na rangi ambazo sikuwahi kuziona hata kwenye duka la vitenge. "Hii," alisema, "ni jiwe ya njia tu. Watu wanakanyaga."

Mume wangu, Idrisa, naye alikuwa mtu wa mawe. Alikuwa akikata meza za jikoni katika karakana moja ya Ras Al Khor, zile meza nyeupe zinazong'aa zilizokuwa zikipelekwa kwenye maghorofa mapya ya Marina. Siku za kazi alilala kwenye kambi ya wafanyakazi, Ijumaa akaja kwangu Satwa, kwenye chumba tulichokuwa tumetengewa kwa mbao nyembamba ndani ya nyumba ya watu wengi. Ijumaa ilikuwa siku ya kufua. Nikiloweka mashati yake, maji yaligeuka kama ya kuoshea mchele, na nilipoyamwaga, chini ya ndoo palibaki tope laini jeupe ambalo likikauka linakwaruza vidole. Na alikuwa akikohoa. Hakuwa na mafua wala homa, alikohoa tu, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Aliniambia ni kiyoyozi cha kambini. Siku moja nikiwa nakuna nazi nilimsikia jirani yangu Mganda, upande wa pili wa ubao, akimwambia mwenzake, "Bwana wa yule dada bado kijana, lakini anakohoa kama mzee wa miaka themanini." Nikaacha kukuna. Jumamosi asubuhi nilitia lile tope kavu ndani ya kopo la dawa ya kuchua nikaenda nalo kazini.

Dokta hakuuliza limetoka wapi. Alilimwaga kidogo kwenye kigae, na pembeni yake akaweka vumbi la marumaru. Akachukua kichupa cha tindikali. Tone likaanguka kwenye marumaru, nayo ikachemka na kutoa povu. Tone la pili likaanguka kwenye vumbi la Idrisa, na hapakutokea kitu. Lilikaa vilevile, limelowa tu. Halafu akalitia kwenye mashine yake, na ile michoro ilipotoka akaitazama muda mrefu kuliko kawaida. "Zuhura, samahani," alisema. "Hii inatoka wapi?" Nikamwambia. Akavua miwani. Alinieleza polepole, akichanganya Kiingereza, kwamba zile meza si jiwe lililochimbwa likakatwa. Ni mawe magumu yaliyosagwa, yale yanayotengenezewa kioo, yakashikanishwa kwa gundi. Ukilikata kavu, unga wake ni mdogo mno, unapita puani na kooni bila kukamatwa na kitu. "Marumaru mwili unaweza kupigana nayo. Hii hauwezi. Inaingia, inakaa, na mapafu yanajenga kovu juu yake. Kovu juu ya kovu." Nikauliza dawa yake. Akasema dawa ni kutoivuta.

Ningekuwa na akili za leo ningekaa kwanza na mume wangu tuzungumze. Lakini Dokta alikuwa mtu akishajua kitu hawezi kukaa nacho. Jumatatu alikwenda Ras Al Khor mwenyewe, akidai anatafuta vipande vya sampuli, akasimama katikati ya ile karakana na kuona watu kumi na mbili weupe tangu kope mpaka ndala, wamefunga vitambaa puani. Ijumaa Idrisa hakunipa hata salamu. "Mzungu wako kaja kazini," alisema. "Kaulizia Idrisa ni yupi, mbele ya msimamizi. Sasa wanajua nani kapeleka maneno." Nikamwambia kuhusu vumbi. Akapandisha sauti, akakumbuka mbao, akaishusha. "Unataka nifukuzwe? Kafeel, huyo anayenidhamini, akifuta visa yangu tunakwenda wapi mimi na wewe? Nyumba ya mama haina bati. Wote tunakohoa, Zuhura. Gulzar ana miaka tisa pale, anakohoa na anafanya kazi. Khalas, yameisha." Gulzar ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa, Mpashtuni mpole wa karibu na Peshawar, aliyemfundisha kushika msumeno na kumgawia blanketi wiki yake ya kwanza kambini.

Kazini nako mambo yalikuwa yanachemka. Kutoka kwenye lile jiko, mlango ukiwa wazi kidogo, nilimsikia meneja wetu, Bwana Nabil, akizungumza na Dokta. Bwana Nabil hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye wateja. "Wateja walikuomba upime ugumu wa meza," alisema. "Hawakukuomba upime mapafu ya watu." Dokta akajibu, "Wananilipa niseme jiwe ni nini. Nasema." Bwana Nabil akasema jina la maabara lisionekane popote. Basi Dokta akaandika barua kwenye karatasi yake ya nyumbani, akasaini jina lake peke yake, akaenda kumkabidhi mkononi arbab, yaani mwenye ile karakana. Arbab alimkaribisha kahawa na tende, akaisoma barua yote, akauliza maswali. Kumbe naye alikuwa hajui. Alichojua ni kwamba meza zile zinanunuliwa. Alishtuka kwelikweli, maana mpwa wake mwenyewe alikuwa akishinda mle ndani. Akatoa amri wafanyakazi wote wapigwe picha za kifua wiki ile ile. Dokta alirudi kazini akiimba kitu cha kwao kwa sauti mbaya, nami nikaona dunia imenyooka.

Gulzar akawa wa kwanza kupelekwa, kwa kuwa ndiye wa siku nyingi kuliko wote. Picha yake ilikuwa na mawingu meupe juu ya mapafu yote mawili. Walioyasoma yale mawingu waliyasoma kama watu wanavyoyasoma siku zote hapa: kifua kikuu. Na mgeni mwenye kifua kikuu alikuwa harudishiwi kibali. Kabla ya siku kumi kupita Gulzar alikuwa amefungashiwa begi lake na kupandishwa ndege. Idrisa siku ya zamu yake alisema tumbo linamuuma, akajifungia chooni kambini mpaka gari likaondoka. Wengine nao wakapata udhuru wao. Hakuna tena aliyekubali kupigwa picha.

Mimi ndiye niliyempasha Dokta habari. Alikuwa anakata mkate. Nikamwambia yote nimesimama, na sikumchagulia maneno. "Ulikuwa na haki," nilimwambia, "lakini haki yako imemfukuza Gulzar. Wewe hukuuliza mtu. Hukuniuliza hata mimi." Aliweka kisu chini. Rangi ya uso wake ilibadilika, nikaogopa ataanguka. Akasema, "Mimi najua mawe. Sikuuliza watu." Akatoka kwenda kusimama kwenye ngazi za dharura, na alipokaa sana Marites akaniashiria nimfuate. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi kama mtu aliyepotelewa na funguo za nyumba. Nikakaa ngazi ya chini yake. Sikumwambia pole, kwa sababu bado nilikuwa na hasira, ila sikuondoka.

Kuanzia Ijumaa iliyofuata, arbab akiwa amemruhusu na kuwataka wafanyakazi waje nusu siku, Dokta alikwenda karakana na mipira ya maji, vibano, vinyunyizio vya bustani na vitabu viwili vya mafundi. Alitaka kila msumeno umwagiwe maji unapokata, ili unga ulowe uanguke chini usiruke. Wafanyakazi walimtazama kwa mbali. Idrisa hakumsalimia. Ijumaa ya pili vilevile. Ijumaa ya tatu nilikuwapo, nimepeleka chakula, na nilishuhudia: Dokta aliwasha msumeno huku mpira umefungwa upande wa kinyume, ule uji mweupe ukamrukia usoni, miwani, mdomo, shati, kila mahali. Akabaki amesimama wima kama sanamu ya chokaa. Kwanza alicheka mtu mmoja, kisha wote, kisha Idrisa. Idrisa akamkamata mkono. "Dokta, toka hapo. Hujui kazi hii. Nipe mimi." Akaufungua mpira, akaufunga palipostahili, akakata. Maji yakatiririka, na kwa mara ya kwanza nikauona msumeno ukikata mle ndani bila wingu.

Tulikula tumekaa juu ya makatoni, chapati na maharage, Dokta akiwa bado ana weupe kwenye nyusi. Akamuuliza Idrisa, kwa naomba na tafadhali zote, kama anapata habari za Gulzar. Idrisa akasema wanazungumza kwa simu. Gulzar anakunywa vidonge vya kifua kikuu, mwezi wa pili sasa, vinamchafua tumbo na mkojo unatoka mwekundu, na kikohozi ni kilekile. Nyumbani wamemtengea chumba cha nje. Ana sahani yake na kikombe chake, na mwanawe mdogo amekatazwa kumkaribia, anamwona kupitia dirishani. Idrisa aliyasema hayo akitazama chapati yake. Dokta aliacha kutafuna. "Lakini hakuna kuambukiza," alisema. "Ile ni jiwe. Jiwe haliambukizi." Idrisa akamjibu, "Nani atawaambia kule?"

Mwisho wa mwaka mkataba wa Dokta haukurefushwa. Bwana Nabil alimfanyia tafrija ya heshima, keki na juisi, na naamini alisikitika. Mimi nilimsaidia kufunga vitu vyake, masanduku sita, matano yakiwa ya mawe. Aliniagiza niende kwa arbab nikaombe bahasha kubwa iliyobaki ofisini kwake, nami nikaenda bila kuuliza ndani mna nini. Siku ya safari alinishika mikono yote miwili akasema shikamoo, nikashindwa kumkataza. Nilidhani anakwenda Ujerumani. Marites aliyemkatia tiketi alikuwa ameapishwa asiseme, na hakusema.

Ijumaa iliyofuata Idrisa alikuwa amejilaza Satwa, mimi napanga nguo, simu yake ikaita. Alikuwa Gulzar. Alizungumza kile Kiarabu chetu cha kazini, chenye Kiingereza ndani yake, na alizungumza kwa haraka hadi Idrisa akaweka spika nami nisikie. Mjerumani alikuwa amekuja. Alifika na gari la kukodi, amebeba bahasha ya picha ya kifua na kopo la unga mweupe. Alimpeleka Gulzar hospitali ya mjini, akakaa na daktari saa nzima akimwandikia, akimchorea, akimtilia tindikali kwenye kigae, mpaka daktari akasema naam, hiki si kifua kikuu, acha vidonge. Hakuna aliyemdanganya Gulzar kwamba atapona. Kisha wakarudi kijijini. Watu walikuwa wamejaa uani kumwona mgeni, na chakula kikatengwa, mgeni sinia yake, Gulzar sahani yake kule pembeni. "Akainuka," Gulzar alisema. "Yule mzee akainuka mbele ya watu wote, akaja kukaa kwangu, akala kwenye sahani yangu. Akanywa kikombe changu. Mama yangu alipiga kelele. Yeye akala tu, akamaliza, akaomba nyingine." Simu ikakwaruza kidogo, nikadhani imekatika. Halafu sauti ikarudi, chini zaidi. "Idrisa, mwanangu amelala hapa. Yuko kifuani kwangu sasa hivi. Ndiyo maana siwezi kusema kwa nguvu."

Idrisa alimuaga akaweka simu kitandani. Aligeukia ukutani, kwenye ule ubao, akakaa hivyo kwa muda, mabega yake yakitikisika, na hakuwa anakohoa. Nilimwacha. Aliponigeukia macho yalikuwa mekundu. "Likizo ikifika," alisema, "kabla hatujaenda kwa mama, nipeleke hospitali Tanga nikapige picha." Nilimpeleka. Kovu lilikuwapo, upande wa kulia, dogo. Daktari alisema aache mawe, naye akayaacha. Akapata kazi ya kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala la Freezone, na yuko huko hadi leo. Ngazi anapanda kwa kupumzika. Gulzar aliishi miaka mitano tangu siku ile, ndani ya nyumba, pamoja na watu wake.